Beringi ya Upande wa Bahari

Fomu ilikuwa na visanduku kumi na vinne. Niliviwekea vyote alama ya vema, nikaandika jina, nikatia sahihi, nikaandika na saa: kumi na moja na robo jioni. Kazi yenyewe sikuiona. Nilipofika juu kwenye feni, vifuniko vya nyumba za beringi vilikuwa vimesharudishwa, bolti zimekazwa, na kijana wa mkandarasi anajifuta grisi mikononi kwa tambara. Kisanduku cha tisa kiliuliza kama pete za kuzuia beringi zimewekwa.

"Pete vipi?" nikamwuliza.

"Zipo, bosi. Pande zote mbili. Hata huku walikokuwa wamesahau, nimeziweka."

Nikatia vema. Matengenezo yalishachelewa siku moja na nusu, huko chini walikuwa wananisubiri niseme tuwashe, na simu haiachi kuita. Yale maneno "walikokuwa wamesahau" yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Kiwanda sitakitaja, maana wengi wa niliofanya nao kazi wangali hai na baadhi yao tunaswali msikiti mmoja. Inatosha kujua kwamba kilikuwa cha saruji, ukanda wa pwani, nami nilikuwa msimamizi wa ufundi mitambo. Kwa ambaye hajawahi kuingia humo: mawe ya chokaa na udongo husagwa mpaka yawe unga. Unga huo huteremka ndani ya mnara ukipishana na moshi wa moto unaopanda, kisha huingia kwenye tanuri, bomba la chuma la makumi ya mita linalozunguka polepole, na humo huiva kwenye joto la nyuzi kama 1450 hadi uwe klinka. Moshi ule haupandi mnara kwa hiari yake. Unavutwa na feni moja kubwa. Feni ikisimama, moto unakosa pumzi, na tanuri lazima lisimamishwe. Nalo tanuri la moto haliachwi likatulia, hupinda kwa uzito wake lenyewe, kwa hiyo mnakesha mkiligeuza kwa mota ndogo, roho mkononi, hasa mvua ikiwa inanyesha. Kulipasha upya likishapoa ni kazi ya siku nzima na zaidi, na matofali yake ya ndani hayapendi mabadiliko ya ghafla. Hupasuka.

Pampu za maji tulikuwa nazo mbilimbili. Kompresa tatu. Feni ya kuvuta ilikuwa moja.

Aliyeitunza kwa miaka mingi alikuwa mzee mmoja tuliyemwita mzee wa grisi, ingawa kazi yake kwenye karatasi ilikuwa fundi daraja la pili. Hakuwa na cheti cha maana. Alianza kiwandani enzi za shirika la umma, akaukuta ubinafsishaji hapohapo, akabadilishiwa ovaroli mara tatu bila kubadilishiwa mashine. Kila asubuhi alipanda ngazi na bomba lake la grisi na bisibisi ndefu. Bisibisi aliisimika ncha kwenye nyumba ya beringi, mpini akauweka mfupani nyuma ya sikio, akafumba macho. Vijana walikuwa wanamcheka. Siku moja nami nikataka kumpima. Katalogi ya beringi inatoa kanuni rahisi: kipenyo cha nje zidisha upana, zidisha 0.005, unapata gramu za grisi. Beringi zetu zilikuwa milimita 290 kwa 80, jibu gramu 116. Nikamwomba apige bomba lake ndani ya kopo kama anavyopiga kwenye mashine, nikaenda kupima kwenye mzani wa stoo. Gramu 120. Nilirudi nikamwambia, akanitazama kama mtu aliyeambiwa jua limechomoza mashariki.

Alikuwa na daftari la shule, lile la jalada gumu, la mistari. Humo aliandika siku, saa, joto la kila beringi, na sauti. Ndiyo, sauti. "Inakohoa," maana yake vumbi limeganda kwenye mapanga ya feni na litabanduka upande mmoja karibuni. "Inanung'unika" ilikuwa ya koplingi. Nyumba za beringi hakuziita kwa majina ya kitabuni. Ya karibu na mota aliiita ya mlima, ya mwisho aliiita ya bahari, kwa sababu ukisimama pale juu, mota iko upande wa vilima na mwisho wa shafti unatazama majini.

Sasa nieleze tulivyofika kwenye mkandarasi, na nieleze kwa haki, kwa sababu nilikuwa mjumbe wa kamati iliyopendekeza.

Karakana yetu haikuwa pepo. Kulikuwa na ovataimu za kubuni. Kulikuwa na beringi zilizotoka stoo zikaishia kwenye mashine za kusaga unga za mitaani. Mwezi ambao hakuna kilichoharibika, watu arobaini na mmoja walilipwa kwa kucheza bao nyuma ya stoo, na mwezi wa matengenezo makubwa arobaini na mmoja haohao hawakutosha, tukaajiri vibarua. Mota kubwa ikiungua tulikuwa hatuna mahali pa kuisukia. Kifaa cha kunyooshea shafti kwa leza hatukuwa nacho. Tulitumia rula, geji na macho. Menejimenti iliposema kuna watu wenye vifaa hivyo, wanakuja wakiitwa, wanaondoka wakimaliza, nami sikuona kosa. Bado sioni kosa katika sentensi hiyo. Kwenye kikao mkurugenzi alitumia methali, mgeni njoo mwenyeji apone, watu wakacheka, nami nikacheka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu na ashauriane nao. Tulifanya yote. Tulizungumza na chama cha wafanyakazi kuhusu viinua mgongo, nauli za kurudi makwao, mizigo, likizo zilizobaki. Siku ya mwisho kila mtu alipita kwenye dirisha la utumishi akirudisha kofia ngumu, viatu, funguo za kabati na kitambulisho, na karani akiweka alama kwenye orodha. Mzee wa grisi alirudisha vyote. Daftari halikuwa kwenye orodha. Lilikuwa lake, alilinunua kwa pesa yake, akaondoka nalo kwapani mbele ya macho yangu.

Tulibaki tisa. Baadhi ya walioondoka walirudi mwezi uliofuata kupitia geti lilelile, ovaroli za rangi nyingine, mshahara pungufu. Mzee hakuwa miongoni mwao. Mkandarasi alitaka vyeti.

Mkataba niliusoma kabla haujasainiwa, na nilichokiangalia ni yale tuliyokuwa tukiumia nayo wakati ule. Watafika ndani ya saa nne? Ndiyo. Watakuja na vifaa vyao? Ndiyo. Bei kwa kila kazi, na bei kwa saa ya fundi, zote ziko chini ya hesabu yetu. Sikutazama kitu ambacho hakikuwamo: hakuna mahali palipotaja mashine izunguke muda gani baada ya kuguswa. Mkandarasi alilipwa kwa kufungua na kufunga. Basi ikafunguliwa, ikafungwa. Ndani ya mwaka mmoja tukawa tunafungua giaboksi ambazo zamani tulizisikiliza tu na kuziacha.

Miaka kadhaa baadaye nikiwa kwenye mafunzo nilisikia habari ya C. H. Waddington, mwanabiolojia wa Uingereza, aliyefanya kazi na jeshi la anga la nchi hiyo katika Vita Kuu ya Pili. Yeye na wenzake walichunguza ndege zilizokuwa zikiwinda nyambizi za Wajerumani, ndege zilizokaguliwa kila baada ya kuruka saa 50. Waligundua kwamba hitilafu zilikuwa nyingi mara tu ndege ilipotoka kwenye ukaguzi, kisha zikapungua siku hadi siku. Mafundi walikuwa wanaleta ugonjwa hospitalini. Wakaongeza muda kati ya ukaguzi na ukaguzi, na ndege zikaruka zaidi. Niliposikia hayo nilikumbuka ankara tulizokuwa tukizilipa.

Ile kazi ya beringi hata hivyo ilikuwa ya lazima. Zilikuwa zimezeeka, na ripoti ya mtetemo ya mkandarasi ilionyesha hivyo kwa rangi nzuri. Zikabadilishwa zote mbili, ya mlima na ya bahari. Tukawasha. Kipimo cha mtetemo kikasoma milimita 2.1 kwa sekunde. Kwa mashine kubwa kama ile iliyosimama kwenye msingi mgumu, viwango vya kimataifa vinaanza kulalamika ukipita 4.5, na ukipita 7.1 vinakuambia unacheza na moto. Tulikuwa mbali kabisa, kijani tupu. Tukapeana mikono.

Joto ndilo lililokuwa linasema. Beringi ya bahari ilipanda nyuzi 70, 78, 84. Wa chumba cha kuendeshea mitambo wakapiga simu kwa mkandarasi, wakajibiwa: ni mpya, grisi bado inasambaa, itazoea. Hilo ni kweli, beringi mpya huchemka kidogo siku ya kwanza. Siku ya pili ilikuwa 86 na kengele inalia kila dakika. Mtu mmoja, na sitasema nani kwa sababu aliniomba ruhusa nikampa, akapandisha kiwango cha kengele kutoka 85 hadi 95 ili waweze kufanya kazi. Hakuna aliyesema kwamba miaka yote beringi ile haikuwahi kuvuka 65. Wa kulisema hilo hakuwapo, na lilipoandikwa hapakujulikana.

Usiku wa sita, saa nane na dakika chache, feni ilitoa sauti ambayo walinzi wa getini walidhani ni gari limeanguka. Nilikuta grisi nyeusi imetapakaa hadi kwenye ngazi, vipande vya kizimba cha beringi sakafuni, na shafti imebabuka rangi ya bluu. Mvua za masika. Tukakesha tunageuza tanuri kwa mota ndogo, na alfajiri nikaswali juu ya kipande cha boksi.

Siku mbili zilizofuata zilikwisha kwa kuandikiana barua. Mkandarasi alisema grisi ilikuwa yetu. Sisi tukasema mikono ilikuwa yao. Walikuja mafundi wengine watatu, mmoja wao injinia mwenye heshima zake, na kila mmoja alianza kwa kuuliza historia ya mashine. Tukawapa ripoti za rangi. Zilianzia siku mkataba ulipoanza.

Siku ya tatu nikapanda pikipiki kwenda kwa mzee wa grisi. Alikuwa amejenga vyumba viwili, havijapigwa plasta, na uani kuna mihogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imekufa ya mlima au ya bahari?"

Habari zilikuwa zimeshamfikia. Nikamwambia ya bahari.

"Mmeifunga," akasema.

Hakuuliza. Akaita mjukuu alete daftari. Kurasa za mwisho zilikuwa zimejaa hesabu za darasa la nne, kwa penseli, na nyingi zimekosewa. Lakini katikati, kwa wino wa bluu na herufi kubwa, lilikuwapo: BAHARI – USIWEKE PETE. IACHWE ICHEZE.

Nami hapo nikaona aibu, kwa sababu jambo lenyewe nililisoma chuoni. Shafti ikipata joto hurefuka. Ya kwetu, urefu wa mita tatu na nusu, ikipanda nyuzi 60 inaongezeka kama milimita mbili na nusu. Kwa hiyo beringi moja inafungwa kwa pete ndani ya nyumba yake isisogee, ile iliyo karibu na koplingi, na nyingine inaachiwa nafasi itembee pamoja na shafti. Ukizifunga zote mbili, zile milimita mbili na nusu hazina pa kwenda, na rola zinabeba msukumo ambao hazikupangiwa. Yule kijana alipofungua aliona upande mmoja hauna pete. Akadhani waliotangulia walisahau. Akaenda stoo akapewa, maana stoo zinatoka seti mbili. Na fomu, ambayo mkandarasi aliitumia kwa mashine zote za wateja wake wote, iliuliza tu kama pete zimewekwa. Kwa feni yetu jibu sahihi la kisanduku cha tisa lilikuwa nusu ndiyo, nusu hapana.

Nilimwomba mzee daftari. Akakataa. Alisema mlinipigia hesabu siku ile, leo nami napiga yangu. Akataka mifuko hamsini ya saruji na plasta ya nyumba nzima, na yeye mwenyewe aje kusimamia ufungaji. Menejimenti haikuwa na fungu la malipo ya namna hiyo. Uhasibu ulihangaika wiki nzima namna ya kuandika. Mwishowe waliiandika kama msaada kwa jamii. Ukijumlisha hasara ya tanuri, ile ilikuwa huduma ya bei rahisi kuliko zote tulizowahi kununua.

Kuna kisa kingine ninachokipenda, kinachohusu beringi hizihizi. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Sven Wingquist alikuwa injinia wa kiwanda cha nguo mjini Gothenburg, Uswidi. Kiwanda kilisimama juu ya ardhi ya mfinyanzi, majengo yakasogea kidogokidogo, shafti zikatoka kwenye mstari na beringi zikawa zinakufa ovyo. Aliyaona hayo kila siku kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yakimwamsha. Akabuni beringi inayojinyoosha yenyewe, na mwaka 1907 ikaanzishwa SKF. Mara nyingi nimejiuliza: kama matengenezo ya kiwanda kile yangekuwa yamepewa wa nje, anayelipwa kwa kila beringi anayobadilisha, nani angehangaika kutafuta dawa?

Mkandarasi hatukumfukuza, na sikutaka afukuzwe. Kunyoosha shafti kwa leza, kusawazisha rota, kusuka mota, kufumua giaboksi kubwa: kazi hizo wanaziweza kutuzidi, na kifaa cha mamilioni kinachotumika mara mbili kwa mwaka hakina sababu ya kulala kwenye kabati letu. Tulichorudisha ndani ni kidogo. Kila mashine isiyo na mwenzake ilipewa mtu wetu mmoja, jina lake limeandikwa, na daftari ni mali ya kiwanda. Joto na mtetemo tunapima wenyewe, kila siku, hata kama ripoti ya mkandarasi ipo. Fomu tukaandika zetu, moja kwa kila mashine, na hakuna kifuniko kinachofungwa kabla mtu wetu hajachungulia ndani kwa tochi. Malipo nayo tukayagawa: sehemu wanapata wakimaliza, sehemu baada ya siku tisini mashine ikiwa inazunguka. Hapo tu ndipo walipoanza kutuuliza maswali kabla ya kushika spana. Mzozo wa kukubaliana kipengele hicho ulichukua miezi minne, na nikihesabu nywele zangu nyeupe, nyingi ni za miezi ile.

Kuna jambo moja sijalisema. Asubuhi ya ile kazi, kabla hajafungua bolti ya kwanza, yule kijana alinifuata ofisini. Alikuwa ametoka VETA miaka miwili kabla, analipwa kwa siku, na feni ile hakuwahi kuiona.

"Samahani, bosi, mchoro wa hii mashine upo?"

Ulikuwapo. Ulikuwa kwenye chumba cha michoro, na mwenye ufunguo alikuwa mmoja wa wale thelathini na wawili walioondoka. Ningeweza kuvunja kufuli kwa nyundo. Nilimwambia afanye kama anavyofanya kwenye feni nyingine.

Ripoti ya uchunguzi iliandika kosa la ufungaji. Jina lake lilikuwamo, na mkandarasi alimwachisha kazi wiki hiyohiyo. Fomu yenye sahihi yangu iliambatanishwa kama kiambatisho cha tatu, na hakuna aliyenihoji. Nilifikiria kumwandikia barua ya kumtetea, ya ukurasa mmoja tu, kueleza habari ya mchoro. Sikuiandika. Miaka minne baadaye nilistaafu na mafao yangu kamili.